Lita ishirini za dizeli

Haya ndo niliyoongea na wanafunzi Jumamosi iliyopita, wengi wameniomba niyaandike, nimeyaacha karibu vilevile yalivyotoka mdomoni.

Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Asanteni sana, naona vikundi vya wanafunzi Wakristo, hapa mbele kuna watu wa USCF, kuna CASFETA, kuna ndugu zetu Wakatoliki wa TMCS kule nyuma, karibuni wote. Nimepewa kichwa cha mazungumzo, "Falsafa na imani ya Mkristo", na aliyenialika akaniambia dada we waeleze tu kwako ilikuwaje, maana vijana wanasoma hizi kozi wanachanganyikiwa, wengine wanaacha kusali kabisa na wengine wanaacha kusoma. Basi nitaeleza kwangu ilikuwaje. Ila siwezi kuanzia kwenye falsafa, mnivumilie, nitaanzia kwenye gari.

Mwaka 2002 mwezi wa nne, masika yamekolea, mdogo wangu alishikwa na uchungu nyumbani kwetu, milimani Upare. Alikuwa na miaka 19. Zahanati ya pale ilikuwa na nesi mmoja tu na yule mama alifanya kila alichoweza, mtoto akatoka salama saa tano usiku, wa kike, analia vizuri kabisa, ila damu ya mama yake haikukata. Nesi akasema huyu ni wa kushushwa hospitali sasa hivi. Gari la wagonjwa lilikuwepo, limepaki nje hapo hapo, dereva yupo, funguo ipo. Mafuta hakuna. Zilihitajika lita ishirini za dizeli kushuka na kurudi. Baba mdogo akatoka na tochi kwenye mvua anagonga milango ya wenye magari na wenye maduka, mmoja hayupo, mwingine dizeli yake kaimaliza juzi, mwingine hakufungua mlango, na aliporudi na dumu la lita tano ilishakuwa saa nane na nusu na mdogo wangu ameshafunikwa kitenge.

Mimi sikuwepo, nilikuwa Dar chuoni mwaka wa pili, nilisimuliwa. Lakini nimesimuliwa mara nyingi mpaka lile dumu nalijua. Ni la njano, la mafuta ya kupikia, mfuniko wake ulishapotea siku nyingi kwa hiyo wakaziba na kipande cha nailoni wakafunga na mpira wa kukatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Lilikaa stoo kwa mama miaka mingi na hakuna mtu aliyethubutu kulitumia.

Siku ya mazishi mhubiri akasoma Ayubu sura ya kwanza, Bwana alitoa na Bwana ametwaa, jina la Bwana libarikiwe. Akafunga Biblia akasema wapendwa, kazi ya Mungu haina makosa, Mungu amemhitaji binti huyu kuliko sisi tulivyomhitaji. Watu wakaitikia amina. Mama akapiga ukunga. Kina mama wawili wakamshika mabega huku na huku wakawa wanamwambia nyamaza mama, nyamaza, usimkufuru Mungu. Akanyamaza. Nilikuwa nimekaa naye mkeka mmoja, nikaona jinsi alivyokimeza kile kilio, na tangu siku ile lile neno la mhubiri likanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Na yule mhubiri alikuwa mtu mwema, naomba mnielewe. Alipanda kwa miguu kwenye tope saa tatu nzima kuja kutuzikia. Alisema tu kile ambacho sote tunakisema, kipo mpaka kwenye kanga, kazi ya Mungu haina makosa, anasema Mkristo anasema Mwislamu, tukifika msibani ndo neno la kwanza kwenye ulimi.

Imani niliyoenda nayo chuo ilikuwa ya darasa la kipaimara. Wale wa KKKT, Walutheri wenzangu, mnajua, Katekisimu Ndogo ya Luther tunaikariri yote, "Hii maana yake nini?" halafu jibu. Na hiyo ndo ilikuwa picha yangu ya Ukristo, kwamba kila swali jibu lake limeshachapwa chini yake, kazi yako ni kulikariri. Baada ya msiba nikarudi chuo nina swali ambalo jibu lililochapwa chini yake lilikuwa linanitia hasira.

Kulikuwa na kozi ya utangulizi wa falsafa niliichukua kwa sababu tu ilikaa vizuri kwenye ratiba. Siku moja lekchara akatuletea Leibniz. Mjerumani, Mlutheri kama mimi, bingwa wa hesabu, mwaka 1710 aliandika kitabu kizima cha kumtetea Mungu, na neno theodisia lenyewe alilitunga yeye kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, Mungu na haki. Hoja yake ukiisema kwa kifupi ni kwamba Mungu anajua yote, anaweza yote na ni mwema, kwa hiyo kabla ya kuumba aliziona dunia zote zinazowezekana akachagua iliyo bora kuliko zote, ndo hii, na ubaya tunaouona una mahali pake kwenye mpango mzima ila sisi hatuoni mpango mzima. Nilikuwa na fotokopi yangu na bik nyekundu, nikaandika pembeni kwa herufi kubwa: KAZI YA MUNGU HAINA MAKOSA.

Halafu nikaacha kusikiliza lekcha, nikawa natazama tu yale maandishi. Sisemi kwamba msemo wetu umetoka kwa Leibniz, hapana, bibi zetu hawajamsikia. Ila kwa mara ya kwanza niliona kwamba lile neno ni hoja, lina dhana ndani yake, unaweza kuliuliza maswali, kuna watu wazima wenye akili zao wamelibishia na mbingu hazikuanguka. Mimi nilikuwa nimelipokea kama mtu anavyopokea hewa. Nilidhani kulikataa ni kumkataa Mungu. Wapendwa, kama kuna kitu kimoja falsafa ilinifanyia, kabla ya yote mengine, ni kunitenganishia hivyo vitu viwili, Mungu na maneno ambayo watu wameyasema juu ya Mungu.

Wiki iliyofuata somo likahamia Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi, watu wamejaa makanisani na mishumaa imewashwa, tetemeko likapiga, makanisa yakawaangukia waumini, mishumaa ikawasha moto, waliokimbilia ufukweni bahari ikawafuata. Walikufa maelfu kwa maelfu. Voltaire, mwandishi Mfaransa, akaandika shairi lililotoka mwaka uliofuata la kuwauliza hao wanaosema kila kitu ni chema, njooni mtazame haya magofu, watoto hawa waliokufa kifuani kwa mama zao wametenda kosa gani? Nililisoma laibrari nikiwa nimeziba uso na kitabu ili watu wasinione. Nilikuwa naona mkeka, namwona mama yangu ameshikwa mabega.

Lakini aliyenishtua ni yule aliyemjibu Voltaire. Rousseau, mwanafalsafa mwenzake, alimwandikia barua Agosti 1756, na yeye alikuwa upande wa Mungu, alitaka kutetea kwamba Mungu anaongoza dunia. Ila alitetea kwa njia ambayo sikuitegemea. Alisema hivi: si maumbile yaliyokusanya pale nyumba elfu ishirini za ghorofa sita au saba. Kama watu wa mji ule wangekuwa wametawanyika zaidi na kujenga nyumba nyepesi, hasara ingekuwa ndogo sana, pengine isingekuwepo. Na wangapi walikufa kwa sababu walirudi ndani kuchukua nguo zao, au karatasi zao, au pesa?

Nikafunga kitabu nikatoka nje. Mnakumbuka lita ishirini. Msibani kwetu Mungu alitajwa sijui mara ngapi, kifo kikapewa Mungu chote, na hakuna aliyetaja dizeli. Hakuna. Wala aliyepaswa kuhakikisha lile gari lina mafuta hakuulizwa kitu, siku ile wala baadaye, kwa sababu nani atamuuliza binadamu juu ya jambo ambalo Mungu amelitaka? Baba mdogo peke yake ndo aliendelea kujilaumu mpaka anakufa, yeye aliyetembea na tochi kwenye mvua. Hilo neno lisilo na makosa liliwaachilia wenye kosa na likamwelemea asiye na kosa. Nikaona kumbe neno laweza kusikika la kumcha Mungu sana na bado likawa linafanya kazi ya uovu, bila hata anayelisema kujua.

Sasa hapo ningependa kuwaambia kwamba nilipata amani, lakini sikupata. Nilipata ufa, na ufa ukapanuka. Nikamsoma Hume, yule mwanafalsafa Mskoti, kile kitabu chake kilichotoka 1779, miaka mitatu baada ya yeye kufariki, ambamo analifufua swali la zamani la Epikuro, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale: Mungu anataka kuzuia ubaya ila hawezi? Basi hana nguvu. Anaweza ila hataki? Basi hana wema. Anaweza na anataka? Basi ubaya unatoka wapi? Nikayaandika hayo maswali matatu kwenye karatasi nikaiweka ndani ya Biblia yangu, na Biblia nikaiweka chini ya sanduku. Karibu miaka miwili sikuingia kanisani nikiwa Dar. Likizo nikienda nyumbani naongozana na mama ibadani, nasimama, nakaa, midomo inacheza kwenye Imani ya Mitume na moyoni hamna kitu. Kuna mtu hapa saa hizi yuko hivyo, najua yupo, na sitakuomba unyooshe mkono. Nakuambia tu kwamba haikuwa uasi. Ilikuwa ni msiba unaendelea.

Swali la Hume mpaka leo sijalijibu. Nasema hivi mapema kwa sababu kuna wahubiri wanakuja vyuoni na majibu ya dakika tano, ni hiari ya mwanadamu, ni mtihani, ni fumbo, na kijana anatoka pale anatembea juujuu mpaka siku anapofiwa yeye.

Mtu aliyenifungulia mlango wa kurudi ni Mwafrika, Augustino, mzaliwa wa Thagaste, leo ni Souk Ahras huko Algeria, mwaka 354. Wengi mnamjua kama baba wa kanisa, mzee mwenye fimbo ya uaskofu kwenye picha. Mimi nilikutana naye kijana. Kwenye kitabu chake cha Maungamo anasimulia rafiki yake, jina hata halitaji, walisoma pamoja tangu utoto, akashikwa na homa akafa. Augustino anasema akawa swali kubwa kwake yeye mwenyewe. Anaiuliza nafsi yake kwa nini ina huzuni hivyo, nafsi haina jibu. Halafu anasema kitu ambacho nilikisoma mara tatu nne kuhakikisha sijakosea: kwamba alipoiambia nafsi yake imtumaini Mungu, ilikataa, na ilikuwa na haki kukataa, kwa sababu yule mtu iliyempoteza alikuwa wa kweli zaidi na bora zaidi kuliko kile kivuli ilichoambiwa ikitumaini.

Kivuli. Wakati ule Augustino hakuwa Mkristo bado, alikuwa na Wamani, wafuasi wa dini ya mtu aliyeitwa Mani, na mungu waliyemfundisha ndo aliyemuita hivyo. Lakini mimi nilisikia habari zangu. Mdogo wangu, aliyekuwa anacheka akiziba mdomo na upande wa kanga, aliyekuwa ananiita dada kwa kuivuta ile a ya mwisho, alikuwa wa kweli kuliko huyo Mungu niliyeambiwa alimhitaji. Na moyo wangu haukukosea kumkataa. Huyo hakuwa Mungu. Nilikuwa nimelia miaka miwili nikidhani nimempoteza Mungu kumbe nilikuwa nimepoteza picha.

Augustino baadaye anajilaumu kwa machozi yake, anasema alimpenda mwanadamu kana kwamba hatakufa. Hapo simfuati. Nampenda sana lakini hapo hapana.

Mwingine ni Kant, mwanafalsafa Mjerumani, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo kiini cha kilichonileta. Kant watu wanamwogopa, anaandika sentensi ndefu kama barabara ya Dodoma. Lakini kumbukeni ametoka nyumba gani, baba yake fundi wa matandiko ya farasi pale Königsberg, mama yake mcha Mungu wa lile kundi la Kilutheri la Wapietisti, nyumba ya sala kama zetu. Tetemeko la Lisbon lilimkuta kijana wa miaka 31, akaandika makala tatu kueleza matetemeko yanatokeaje. Miaka mingi ikapita, na mwaka 1791, akiwa mzee na ameshaandika vitabu vyake vikubwa, anaandika insha fupi kusema kwamba majaribio yote ya wanafalsafa ya kumtetea Mungu yameshindwa. Yote, na la Leibniz ndani yake. Na anapotafuta mfano wa mtu aliyelishughulikia jambo hili vizuri anaenda wapi? Anaenda kwa Ayubu.

Anasema watazameni rafiki zake Ayubu. Wanaongea kana kwamba yule Mwenye Nguvu wanayemtetea anawasikiliza kwa siri, wanatafuta kumpendeza, wanadai kujua mambo wasiyoyajua. Ayubu anasema anachokifikiri, hivyohivyo kinavyomtoka. Kwa Kant tofauti kati yao iko kwenye unyofu wa moyo, wala haiko kwenye nani ana hoja kali zaidi.

Nikaitoa Biblia chini ya sanduku. Ile karatasi ya Hume ikadondoka sakafuni. Nikasoma Ayubu yote kwa siku moja, sura 42, kitu ambacho sijawahi kukifanya maishani, na nataka niwaulize nyie mliolelewa kanisani, ni nani hapa amewahi kusikia msibani ikisomwa sura ya tatu? Sisi tunasoma ya kwanza, Bwana alitoa na Bwana ametwaa, tunafunga kitabu. Sura ya tatu yule yule Ayubu analaani siku aliyozaliwa. Na anaendelea, sura baada ya sura, anamshtaki Mungu, anadai kesi isikilizwe, na rafiki zake wanamwambia nyamaza Ayubu, usimkufuru Mungu, kila kitu kina sababu, lazima kuna kosa mahali. Maneno yaleyale. Mabega yaleyale yanashikwa. Halafu unafika sura ya 42 mstari wa saba na Mungu mwenyewe anamwambia Elifazi, mmoja wa hao rafiki, kwamba hasira yake inawaka juu yake na rafiki zake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa katika habari zake, kama alivyonena mtumishi wake Ayubu.

Yaani waliomtetea Mungu ndo Mungu aliwakasirikia, na aliyepiga ukunga ndo aliambiwa amenena sawa.

Nililia siku ile mpaka mwenzangu wa chumbani akadhani nimepata simu ya msiba mwingine. Mama yangu alikuwa ndo msemakweli pale mkekani. Sisi wengine wote tulikuwa Elifazi. Na jambo hili lilikuwa kwenye Biblia yangu tangu kipaimara, kurasa zile zile, ila nilihitaji Mjerumani mzee wa 1791 kunielekeza kidole. Kwa hiyo mtu akinikalisha chini akaniambia falsafa inawatoa watu kwa Yesu, namwambia mimi falsafa ndo ilinirudishia Biblia.

Najua mstari mtakaonitolea, Wakolosai 2:8. Biblia yetu ya Union inasema mtu asiwafanye mateka "kwa elimu yake ya bure ya madanganyo matupu". Pale kwenye "elimu" Kigiriki kimeandika falsafa, na ni mahali pekee kwenye Agano Jipya neno hilo linapatikana. Paulo anaonya juu ya kufanywa mateka na nakubaliana naye mia kwa mia, mateka wa falsafa nimewaona. Lakini Paulo huyo huyo yuko Athene, Matendo 17, anaongea na wanafalsafa, Waepikureo na Wastoiko, hawakimbii, na akisimama kuhubiri anawanukulia mshairi wao, "maana sisi sote tu wazao wake". Mtu hawezi kunukuu asichokisoma. Na mimi naongeza kwamba unaweza kufanywa mateka na msemo wa kwenye kanga pia.

Wawili nitawapitia haraka maana naona muda. John Mbiti, Mkenya wa Kitui, kasisi wa Anglikana, alifundisha Makerere, kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika kimezunguka dunia nzima kikiwa na maneno yetu mawili ndani yake, Sasa na Zamani. Anasema kwa Mwafrika aliyekufa haondoki mara moja, yupo bado kwenye Sasa maadamu kuna mtu hai anayemkumbuka kwa jina. Wamembishia sana, hasa aliposema Mwafrika hana wazo la wakati ujao wa mbali, na hapo nami nabisha, mama yangu alipanda miche ya mkahawa akijua atakayefaidi ni mjukuu. Lakini hilo la jina lilinigusa kwa sababu kila Krismasi mama akipakua chakula analitaja jina la mdogo wangu kwanza kabla ya walio hai. Zamani nilikuwa naona ni mambo ya mila. Siku hizi tukifika kwenye "ushirika wa watakatifu" kanisani natamka kwa sauti, najua nasema nini, nasema sahani ya kwanza ya mama.

Na Mwalimu Nyerere. Alisoma falsafa ya maadili Edinburgh pamoja na masomo mengine, na alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa mpaka mwisho. Oktoba 1970 aliwahutubia masista wa Maryknoll huko New York, akawaambia kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na yeye anakataa kuwaza Mungu aliye maskini, mjinga, mwenye hofu, aliyeonewa na kudhalilika, wakati hiyo ndo hali ya wengi wa hao aliowaumba kwa mfano wake. Akalitaka kanisa liingie kwenye vita dhidi ya mifumo inayowafanya watu wawe hivyo. Mimi nikaisoma nikasema huyu anaongea juu ya dizeli.

Sasa niko wapi leo? Niko kanisani, usharikani kwetu, naimba kwaya ya kina mama. Simwombi tena Mungu kwa kumwambia mapenzi yako yatimizwe nikimaanisha liwe tu litakalokuwa. Nikisema mapenzi yako yatimizwe hapa duniani kama huko mbinguni naisikia kama amri, maana huko mbinguni hakuna mwanamke anayekufa kwa kukosa lita ishirini. Ufufuo naushika kwa mikono miwili na sina hoja ya kuutetea. Kuhusu moto wa milele nimenyamaza, sijui, na sihubiri nisichokijua. Ubadilike tena mtazamo wangu? Inawezekana, bado nasoma.

Nyie mliosoma kurasa thelathini za Nietzsche, yule mwanafalsafa aliyeukataa Ukristo, mkaanza kuwacheka mama zenu wanaokesha kwenye maombi, naombeni sana acheni. Nietzsche alikuwa mtoto wa mchungaji, alijua anapoteza nini. Na nyie mnaoogopa hata kufungua kitabu, Mungu ambaye hawezi kustahimili swali lako basi hatakustahimili wewe pia.

Nimalizie na yule mtoto.

Alikua kwa mama, mimi ananiita mama mkubwa. Mwaka 2016 alikuwa na miaka 14, yuko darasa la kipaimara, nimeenda likizo, jioni tunapepeta mchele nje ya jiko. Akaniuliza bila kuinua macho kwenye ungo, mama mkubwa, ni kweli Mungu alimhitaji mama kuliko mimi?

Nikauliza nani kakuambia. Akasema wote.

Nikamwambia hapana. Si kweli. Nikamwambia sijui Mungu alikuwa wapi usiku ule, nadhani alikuwa na baba yetu mdogo kwenye mvua, lakini hilo naamini tu, sijui. Ninachokijua ni kwamba gari halikuwa na mafuta. Kulikuwa na gari, na dereva, na funguo, na mafuta hayakuwepo, na kulikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kuhakikisha yapo.

Akaweka ungo chini. Akauliza, mafuta kiasi gani?

Nikamwambia lita ishirini.

Akasema, "Ishirini tu?"

Nikasema ishirini. Akaanza kulia, kwa sauti, kile kilio ambacho bibi yake alikimeza mkekani miaka kumi na nne nyuma, na mama akatoka jikoni akatukuta, akakaa chini kwenye vumbi la pumba akamshika mjukuu wake na yeye akalia. Tulikaa pale mpaka giza likaingia na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.